Kwaya Mbili, Uwanja Mmoja

Miaka ile ya tisini Mwanza nzima ilishikwa na homa ya semina. Viwanda vya umma vinafungwa, viwanda vya minofu ya sangara vinafunguliwa, mitumba imejaa kila kona, na kila ukigeuka unakutana na mtu mwenye kalamu nene ya wino anachora mishale kwenye karatasi ya manila. Hata kanisani kwetu Kiseke homa ile ilifika. Ndivyo nilivyojikuta mimi, binti wa Kihaya, karani wa zamu katika kiwanda kimoja cha samaki, nimevuka na pantoni pale Busisi kwenda Sengerema kujifunza maono.

Usinicheke. Ndivyo ilivyoitwa, semina ya maono na mipango kwa viongozi wa vijana makanisani. Mkufunzi alikuwa bwana mmoja mwenye tai fupi na maneno marefu. Alituambia maono huzaa malengo, malengo huzaa mikakati, na mikakati huzaa ratiba. Tukaandika. Alituambia kiongozi asiye na ratiba ni mzururaji tu mwenye cheo. Hilo nalo tukaliandika. Mchana tukala wali kwa kuku, na kwa wenzangu wengi maono yaliishia pale pale kwenye sahani. Mimi hapana. Mimi nilirudi Kiseke nimewaka.

Nilikuwa na sababu ya kuwaka. Vijana wetu walikuwa wanatuponyoka mchana kweupe. Ibada ya usharika ilianza saa nne asubuhi na kwisha watu wameshakonda kwa njaa, na muda wote huo vijana walipangwa madawati ya nyuma kama mizigo iliyosahauliwa stendi. Kupiga makofi marufuku. Ngoma ndiyo usiitaje kabisa. Gitaa lilizungumzwa kwa kunong'onezana. Huku nyuma, pale barabarani, kanisa jipya la hema lilikuwa limefunga spika zinazotikisa mabati ya majirani, na ng'ambo ya barabara palikuwa na banda la video lililoanza kuonyesha picha za ngumi Jumapili asubuhi. Kati ya spika na ngumi, sisi tulikuwa tunawapa vijana kikohozi cha wazee na matangazo ya vikao.

Kwa hiyo nilikuwa nataka kitu kimoja tu maishani, nacho ni ibada ya vijana. Ibada yetu wenyewe kila Jumapili, tuiongoze wenyewe, tuimbe tunavyotaka, tupige makofi mpaka viganja viwake. Nilikitaka kitu kile mpaka nikawa nakiota. Nilikuwa na umri wa kuolewa, na shangazi zangu kule Bukoba walikuwa wanauliza habari za mchumba, mimi nikiwajibu habari za ibada. Walinikatia tamaa.

Aliyeshika ufunguo wa ombi langu alikuwa mwenyekiti wa baraza la wazee wa kanisa. Mzee wa Kisukuma, mrefu, mwenye ng'ombe wengi na koti moja la kijivu alilolivaa jua liwake, mvua inyeshe. Sauti yake ilikuwa ya taratibu, ya kukufanya ujione umekosa hata kama umetoa shikamoo tu. Yeye ndiye aliyepiga marufuku makofi. Mkewe alikuwa kinyume chake kabisa. Alikuwa mama wa kucheka, mwuza dagaa, ambaye akiingia kwenye kikao cha akina mama hata walionuniana walijikuta wanatabasamu. Mara nyingi nilijiuliza wale wawili waliokotana wapi.

Nikaenda mbele ya baraza na manila zangu. Nikabandika ukutani, nikaeleza maono, malengo na mikakati, nikafuata mishale yangu kwa kijiti. Wazee walinisikiliza kwa adabu, wawili wakiwa wamefumba macho, na nakubali si kwa maombi. Nilipomaliza, mzee mwenyekiti akasema nshomile bwana, msomi wetu, Wahaya mmejaliwa maneno. Wenzake wakacheka. Kisha akanipa masharti yake. Vijana waandae mkutano wa injili kule Magu, kwenye usharika rafiki. Watu wakija na usharika usiaibike, baraza litaijadili ibada yetu. Uwanja ukiwa mtupu, au tukirudi na aibu, shauri limekwisha, na mimi nitampisha mwingine kwenye kiti changu cha uenyekiti wa vijana.

"Ita watu kwanza," aliniambia. "Ibada tutaizungumza baadaye."

Nilitoka pale nimefura kwa hasira. Niite watu? Haya, nitawaita mpaka mkome.

Nikakaa chini kupanga. Usafiri tuliupata kwa muumini mmoja aliyekuwa ameanza kununua pamba. Serikali ndiyo kwanza ilikuwa imewaruhusu wanunuzi binafsi, na huyu alikuwa na lori lake, akasema tulichukue ila lirudi Mwanza kabla ya giza. Kwa hiyo muda ulikuwa mfupi. Tena palikuwa na kwaya mbili, ya kwetu na ya wenyeji, na anayezijua kwaya za kanisani anajua kwamba ukiipa moja nafasi ya mbele huitoi tena mpaka parapanda ilie. Nikafikiri kama ninavyofikiri kazini. Kiwandani, samaki wakiwa wengi na muda mdogo, tulikuwa tunafungua meza mbili kwa pamoja. Basi nikaandika kwenye ratiba: kwaya ya Kiseke goli la mashariki, kwaya ya Magu goli la magharibi, zote ziimbe kuanzia saa nane, watu wasimame wanapopenda, kisha wote wakusanyike katikati kulisikia neno. Nikawaandikia wenyeji watangaze vijiji vyote hivyo hivyo, kwaya mbili, uwanja mmoja, saa nane kamili.

Hapa msomaji Msukuma ameshaanguka kwenye kiti. Kwa asiye Msukuma nieleze. Huko Usukumani, tangu enzi za mababu, ngoma hushindanishwa hivi: vikundi viwili vinaingia uwanja mmoja na kuanza kucheza saa ile ile. Hakuna mwamuzi wala filimbi. Watu wenyewe ndio waamuzi, na wanaamua kwa miguu. Wanakokimbilia wengi ndiko kwenye ushindi, na kikundi kinachobaki kinaimbia nyasi kimekwisha. Ndiyo maana kila kikundi hufanya vituko vya kuwavuta watu, mara vinyago, mara majembe ya kurushwa juu, mara mtu na chatu shingoni. Kanisa lilikuwa limezipiga vita ngoma hizo miaka nenda miaka rudi, na Mkristo akionekana pale alitengwa. Mimi sasa, mwenyekiti wa vijana, mwenye cheti cha maono, nilikuwa nimeandaa shindano lenyewe na kuligonga muhuri wa usharika.

Nani angeniambia? Mchungaji alikuwa Mhaya mwenzangu. Aliisoma ratiba, akasema kwa kweli semina zinasaidia. Mwalimu wa kwaya ndiye aliyekuwa mwenyeji wa mambo hayo, kijana wa Kisukuma mwenye macho ya kitukutu. Aliisoma, akairudia kuisoma, akajikuna kidevu.

"Mwenyekiti," akasema, "mpango huu usiuguse hata nukta."

Nikavimba kichwa. Alichoniomba ni kimoja tu, nimtafutie kiwandani kichwa cha sangara, mkubwa kuliko wote watakaopita mezani. Nikadhani ni kwa ajili ya mchuzi wa safari. Nikampatia kimoja ambacho watu wawili walikibeba kwa kupokezana.

Siku ilipofika tukapanda lori, kwaya, akina mama wachache akiwemo mke wa mzee mwenyekiti, na kile kichwa ndani ya gunia. Mzee mwenyewe na mchungaji walikuwa waje baadaye kwa gari la mchungaji. Tulipoikaribia Magu nikaanza kuona baiskeli. Kwanza moja moja, kisha makundi, baba kashika usukani, mama nyuma, mtoto mbele. Uwanjani ndiyo sikuamini. Watu walikuwa wameshajaa hata mkutano haujaanza, mihogo ya kuchoma inauzwa, wazee wenye fimbo wamejichagulia sehemu nzuri, na hata kwenye paa la ghala la pamba watu wamekaa. Nikaona machozi yananilenga. Moyoni nikamshukuru yule bwana wa tai fupi.

Kijana mmoja aliyekuwa anasukuma baiskeli akanifuata akaniuliza sisi ni upande gani. Nikamwambia sisi ni upande wa Yesu. Akaniuliza na wale kule je? Nikamwambia na wale pia. Akaniangalia kwa huruma, akaenda kumwuliza mwingine.

Saa nane ikagonga na kwaya zikaanza. Nilitegemea nyimbo zile tulizozizoea, za kusimama wima na kushika vitabu. Loh. Mwalimu wa kwaya alifungua gunia lake, zikatoka njuga, ikatoka na ngoma ambayo naapa haikuwa kwenye ratiba yangu. Kisha wanakwaya wa sauti ya nne wakaingia chini ya mashuka yaliyoungwa pamoja, mbele yake wamefunga kile kichwa cha sangara, mdomo wazi. Wakawa wanazunguka goli zima huku wengine wakiimba habari za Yona. Samaki akaja juu, akaenda chini, akawafukuza watoto, na mwisho akamtapika Yona mchangani. Yona alikuwa fundi baiskeli wetu, mwembamba, amepakwa unga mwili mzima. Uwanja mzima ulihamia kwetu kwa mbio, ingawa kichwa kile kilishaanza kunuka na ukikisogelea unajuta.

Kule magharibi nao hawakulala. Wenyeji waliingiza mkokoteni wa ng'ombe uliozungushiwa mikeka, ndiyo safina. Ndani mna mbuzi, bata, kuku na paka mmoja asiyependa injili. Mbele amesimama Nuhu, ndevu zake ni pamba mbichi iliyobandikwa kwa ugali. Watu wakatimka kuelekea kule. Yona akatapikwa tena, wakarudi. Nuhu akaanza kunyeshewa mvua kwa ndoo, wakaenda. Mimi niko katikati na kipaza sauti cha mkono, nawaomba watulie wachague mahali pamoja wasimame. Hakuna aliyenisikia. Nilikuwa nakanyagwa na umati niliouita mwenyewe.

Hapo ndipo gari la mchungaji lilipofika. Mzee mwenyekiti akashuka na koti lake. Nikajisemea basi, ibada kwisha, uenyekiti kwisha, kesho shangazi zangu watapata walichokitaka. Mchungaji akanijia, uso umempauka.

"Binti, hii ni nini?"

"Mchungaji," nikasema, "ni mpango."

Mzee alikuja akasimama kando yangu, mikono nyuma, akatazama upande huu, akatazama na ule. Wakati huo Nuhu alikuwa ameachia njiwa, na njiwa alikuwa amezunguka juu ya safina na kurudi kutua begani pake. Uwanja ulipasuka kwa vigelegele. Watu wote walikwenda kule, hata wale wa paani wakageuza migongo. Kwetu walibaki watoto wachache na mbwa aliyekuja kwa ajili ya kichwa cha sangara. Nilipaswa kuogopa aibu ya usharika, lakini nisidanganye, kilichoniuma kilikuwa kushindwa. Sikujua hata nashindwa nini.

"Nani amemweka mpiga ngoma nyuma?" mzee akauliza, taratibu kama kawaida yake. Nikamjibu sijui. Akatikisa kichwa. "Wanaimba kama wanaomba kura. Shika koti."

Nikalishika. Mkewe, aliyekuwa nyuma yangu, akanisogelea akanishika kiwiko, akaniambia sasa nikae nione.

Mzee akaingia kati ya kwaya, akamvuta mpiga ngoma mbele, akainua mkono mmoja. Kwaya ikanyamaza. Kisha ikatoka sauti ambayo sijawahi kuisikia barazani. Ilikuwa nene, ya kupanda bila haraka, na maneno aliyatunga pale pale. Alimwimba Nuhu wa magharibi, ambaye Mungu amemwokoa na gharika lakini hakumwokoa na aibu ya kufuga ndevu za pamba fifi. Kwa mkulima wa Magu pamba fifi ni ile chafu, ya daraja la chini, ambayo karani wa mzani anaitazama kwa pua. Kicheko kilianza kwa waliokuwa karibu, kikasambaa, na umati ukageuka. Mzee mmoja wa fimbo akapaza sauti kuita jina, jina ambalo sikuwahi kulisikia likiitwa kanisani, na wazee wengine wakalidaka na kulirudia. Wakaja mbio, wazee kwa vijana. Mwenyekiti wetu wa baraza alikuwa anatikisa mabega kwa namna ambayo nisingeweza kuieleza mbele ya askofu.

Mkewe akanieleza huku anapangusa machozi ya kucheka. Ujanani mumewe alikuwa ningi, yaani mtunzi na kiongozi wa ngoma, na watu walitembea kutwa nzima kwenda kumsikia. Alipobatizwa aliacha yote siku moja, akavaa koti. Yeye mwenyewe alikuwa msichana wa upande wa pili, alikwenda uwanjani kuwashangilia watu wake, akajikuta amehamia kwa adui. Ndipo walipookotana.

Nuhu alibaki na paka wake. Umati ulipokuwa bado unahema mchungaji akapewa nafasi katikati ya uwanja, akahubiri kwa kifupi, na watu wale wakakaa chini wakamsikiliza mpaka mwisho, maana walikuwa wamechoka mno kuondoka. Wengi waliinua mikono kutaka kuombewa. Wenyeji nao waliinua mikono, kutaka marudiano.

Kwenye lori, njiani kurudi, ndipo mwalimu wa kwaya aliponieleza nilichokuwa nimekifanya. Nilitaka kumtupa nje. Nikamwuliza kwa nini hakuniambia mapema. Akasema ningejua, ningeubadilisha mpango, halafu tungeimba wima goli moja mbele ya wenyeji na mbuzi wao. Nikamnunia mpaka Igoma, pale tunapoingia mjini.

Habari zilifika Mwanza kabla yetu. Wiki ile Kiseke nzima ilijua kwamba mzee wa makofi marufuku amecheza hadharani, na baraza likaitwa. Watu walisema huyu mzee sasa, ili kujisafisha, atamtoa kafara binti wa Kihaya. Mimi nami nilidhani hivyo, ila nilikuwa na kitu kimoja. Koti. Katika zile shangwe mzee aliondoka Magu na shati tu, koti likabaki mikononi mwangu. Nikalifua, nikalipiga pasi ya mkaa, nikalikunja vizuri. Siku ya kikao niliingia nimelibeba kwa mikono miwili, nikaliweka mezani kati ya Biblia na chupa ya chai.

"Shikamoo mzee," nikasema. "Koti lako ulilisahau uwanjani."

Mzee mmoja alikohoa kikohozi ambacho hakikuwa na mafua. Mchungaji akatazama dari. Mzee mwenyekiti akaitikia marahaba, akalivaa koti, akafunga vifungo vyote polepole mpaka cha mwisho. Kisha akasema baraza limeulizwa kama usharika uliaibika Magu. Yeye alikuwepo, na hakuona aibu. Aliona watu. Kwa hiyo ibada ya vijana iwepo.

Nilishika meza nisiruke. Nilikuwa nimeshafungua kinywa kushukuru aliposema ibada hiyo iwe saa nne. Mchungaji akamkumbusha kwa upole kwamba saa nne ndiyo saa ya ibada kuu. Mzee akasema anajua. Vijana wakae nje, kwenye jengo la shule ya Jumapili ambalo lilikuwa halijaezekwa, na wazee wakae kanisani.

"Saa ile ile, kiwanja kile kile," akasema, akinitazama mimi. "Upande utakaobaki na madawati matupu utarudi kwa mwenzake, na habari ya ibada mbili itakuwa imekwisha."

Mchungaji akasema ni matumizi mazuri ya muda, akaandika. Maskini. Mimi safari hii nilikuwa najua. Nilimtazama mzee, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu niliona meno yake yote. Niliogopa kwelikweli. Ibada niliyoililia nilikuwa nimepewa kwa mkono mmoja, na mkono wa pili ulikuwa bado umeishika pindo.

Tulijiandaa kwa wiki nzima. Gitaa tuliliazima kwa mpigaji wa bendi moja ya Kirumba aliyekuwa anatafuta pa kutubu, spika tukaitoa kwa mfanyabiashara wa kanda za muziki. Kila jioni nilipitia karibu na mji wa mzee kupeleleza, sikusikia hata wimbo. Siku moja nilijifanya naenda kununua dagaa kwa mkewe, nikamwuliza wazee wanaendeleaje na maandalizi. Akaniambia wazee wa watu, wao kila jioni wanakwenda shambani na majembe yao tu. Nikarudi nyumbani nimepumua.

Jumapili ikafika. Upande wetu ulijaa kabla ya saa. Vijana waliokuwa wametukimbia walirudi, wa kule hemani walivuka barabara kuja kuangalia, hata mashabiki wa banda la video walikuja kujiegemeza kwenye kuta zetu zisizo na paa. Gitaa lilipolia, makofi yakapigwa mpaka kuku wa jirani wakahama. Nikawaangalia vijana wangu wanavyoimba, nikajua nimeshinda. Nilikuwa na furaha ambayo sikumbuki kuipata tena hata siku ya harusi yangu, na mume wangu hilo analijua.

Kisha kutoka kanisani ikaja sauti ya nyayo kwenye sakafu ya saruji, nyingi kwa pamoja, na juu yake chuma kikigongana na chuma. Kijana mmoja akainuka, akaashiria anakwenda kujisaidia. Akafuata mwingine, naye tumbo. Kisha dawati zima likaugua. Yule wa gitaa akaliweka chini, akasema uzi umelegea, sikumwona tena. Nikamgeukia mwalimu wa kwaya anisaidie kuwazuia, nikaona mgongo wake unaishia kwenye kona ya kanisa. Nilibaki na spika inayovuma peke yake na mtoto wa mtu aliyelala.

Nikawafuata kuwagombeza. Wote walikuwa wamejazana madirishani, wamepandiana mabegani. Nikajipenyeza nikachungulia. Ndani, madawati yalikuwa yamesogezwa kando, wazee wa kanisa na mabibi wamejipanga mistari miwili, na kila mmoja ana jembe. Walikuwa wanaimba ule wimbo wa mavuno wa kitabuni, uleule unaolaza watu kila mwaka, lakini kwa kasi ambayo nusura nisiutambue. Kwenye kiitikio majembe yote yaliruka juu kuelekea mabati, yakazunguka, yakadakwa bila hata moja kuanguka. Mbele alikuwa mzee mwenyekiti, koti limefungwa vifungo vyote. Mchungaji alikuwa amejibana kwenye kona ya madhabahu, na kila majembe yalipopaa naye alifumba macho.

Niliumia. Ningependa kusema nilicheka, lakini kicheko kilikuja baadaye. Yale yote, Sengerema, manila, kichwa cha sangara, ibada niliyoiota usiku na mchana, yote hayakumaliza hata Jumapili moja. Na hawa wazee walikuwa na haya ndani yao muda wote huo tulipokuwa tunasinzia nyuma.

Mke wa mzee akatokea mlangoni, jembe begani, jasho linamtiririka. Hakunicheka. Alinishika mkono kama anavyonishika akinipimia dagaa za nyongeza.

"Mmeshashindwa, mwanangu," akaniambia. "Waambie wenzako waingie, watavunja vioo."

Sikuhitaji kuwaambia. Walimpita pale mlangoni kwa kusukumana, vijana wale wale wa madawati ya nyuma, wakaenda kusimama mbele kabisa karibu na majembe. Mimi niliingia wa mwisho. Hapakuwa na nafasi ya kukaa wala ya kusimama vizuri, nikajibanza ukutani nimenuna, mikono nimeikunja kifuani, na mguu wangu mmoja tayari unafuata ule wimbo bila kuniomba ruhusa.